Baridi ikipiga sana, bungua wa miti hufa?

Alfajiri ya tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto cha Chicago kilisoma karibu nyuzi 31 chini ya sifuri, na cha Minneapolis nyuzi 33. Shule zilifungwa, posta ikasimamisha kupeleka barua katika majimbo kadhaa, na watu wakaonywa wasitoke nje bila kufunika uso. Katikati ya taabu hiyo ikazuka habari ya kufariji: angalau baridi hii itawamaliza wadudu wanaoua miti. Vyombo vya habari vilitaja asilimia 80 ya mabuu, na wengi wakaimeza namba hiyo bila maji.

Habari ya namna hii hurudi kila wimbi la baridi linaposhuka kutoka ncha ya kaskazini. Inawafikia pia Waswahili walioko Marekani na Kanada, wenye nyumba yenye mti mkubwa mbele ya mlango na ilani ya manispaa inayowataka waukate au waulipie dawa. Mtu aliyepata ilani hiyo Desemba, halafu Januari akasikia wadudu wameshakufa kwa baridi, ana haki ya kuuliza: sasa nilipe dawa ya nini? Jibu langu ni kwamba alipe, kama mti bado una uhai wa kutosha. Baridi inaua kweli, lakini idadi inayouawa hutegemea mambo ambayo kipimajoto cha televisheni hakiyaoni, na wanaosalia huwa wanatosha kabisa kuendeleza ukoo.

Tuanze na majina. Bungua ni mdudu anayetoboa mmea na kuishi ndani yake. Wakulima wa kahawa Tanzania wanamjua vizuri bungua mweupe anayepekecha shina la mbuni. Mdudu vamizi ni yule aliyefikishwa na shughuli za binadamu mahali ambapo hakuwapo, akastawi kwa sababu adui zake wa asili walibaki alikotoka na miti ya ugenini haijawahi kupambana naye. Mdudu wa makala hii ni yote mawili. Ni mbawakawa mwembamba, mrefu kiasi cha sentimita moja na kitu, mwenye rangi ya kijani kinachong'aa kama kito, kwa hiyo nitamwita bungua zumaridi. Wataalamu humwita Agrilus planipennis.

Kwao ni kaskazini mashariki ya China, Korea na mashariki ya mbali ya Urusi. Amerika Kaskazini alitambuliwa mwaka 2002, kuzunguka Detroit upande wa Marekani na Windsor upande wa Kanada, ingawa inaelekea alikuwa ameshaingia tangu miaka ya 1990 ndani ya mbao za kufungashia mizigo. Chakula chake ni mti wa eshi, ambao ni wa ukoo mmoja na mzeituni na yasmini. Ubao wake ni mgumu na una mnyumbuko, ndiyo maana hutengenezewa mipini ya shoka na magongo ya besiboli. Miji mingi ya Marekani iliupanda kandokando ya barabara baada ya ugonjwa wa kuvu kuangamiza miti ya elmu iliyokuwapo hapo kabla. Walitoa miti ya aina moja, wakaweka miti ya aina moja. Bungua zumaridi alipofika alikuta meza imeandaliwa, na tangu hapo ameua makumi ya mamilioni ya miti hiyo.

Muuaji hasa si mbawakawa mzima. Huyo hula majani kidogo, hupanda, hutaga na kufa. Muuaji ni buu. Jike hutaga mayai katika nyufa za gome wakati wa kiangazi. Buu akitoka hutoboa gome hadi tabaka laini lililo baina ya gome na ubao, lile linaloshusha chakula kutoka kwenye majani kwenda kwenye mizizi, na humo huchimba njia ya kupindapinda huku akiisindilia unga wa mbao nyuma yake. Njia za mabuu wengi zikikutana kuzunguka shina, mizizi inakatiwa chakula. Ukibandua gome la mti uliokufa hivyo utaona mikunjo imebanana upande hadi upande, hakuna mahali pa kuweka kidole pasipo na alama. Mti mkubwa huchukua miaka michache tu.

Vuli inapofika, buu aliyekomaa huacha kula. Huchimba kijichumba ndani ya gome nene au kwenye ubao wa juujuu, akajikunja mwili ukachukua umbo la herufi J, na kukaa humo mpaka majira ya machipuo. Hapo ndipo baridi inapomkuta. Swali zima la makala hii linahusu kiumbe huyo mmoja, mweupe, aliyelala kimya ndani ya mti.

Glisirini mwilini

Wadudu wa nchi za baridi wana njia kuu mbili za kuvuka majira hayo. Wapo wanaovumilia kuganda: maji ya mwilini yanageuka barafu kwa kiasi fulani, na joto likirudi wanayeyuka na kuendelea na maisha. Wapo wanaokwepa kuganda: wao hawaruhusu barafu hata chembe, kwa maana barafu ikianza huchana seli na ndio mwisho wao. Bungua zumaridi ni wa kundi la pili.

Anakwepaje wakati nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri? Mwenye duka lenye friza kali ameshaona soda iliyolala humo usiku kucha ikiwa bado maji, lakini mteja akiifungua tu inageuka barafu laini mpaka shingoni. Soda ile ilikuwa imepoa kupita kiwango cha kuganda, ila punje ya kwanza ya barafu ilikuwa haijapata pa kuanzia. Buu wa bungua zumaridi huishi katika hali hiyo kwa miezi.

Ili afanikiwe hutoa kwanza mabaki yote ya chakula tumboni, kwa kuwa chembe yoyote ngeni inaweza kuwa mwanzo wa barafu. Halafu huujaza mwili gliseroli, ambayo si kitu kingine bali glisirini ileile inayouzwa madukani kwa kupaka ngozi. Huitengeneza mwenyewe kutokana na akiba aliyojiwekea wakati wa kula. Glisirini ikichanganyika na maji ya mwilini huyazuia kujipanga kuwa barafu hata baridi ikizidi sana.

Mbinu hii ina ukomo. Kipo kiwango ambapo hata maji yenye glisirini yanashindwa, punje ya kwanza ya barafu inatokea, na mwili wote unaganda mara moja. Kwa mabuu wa kusini mwa Ontario, Kanada, watafiti walikuta ukomo huo uko karibu na nyuzi 30 chini ya sifuri. Kila buu ana wake; mmoja huganda mapema, jirani yake akaenda chini zaidi.

Hapo ndipo ilipotoka ile asilimia 80. Mtafiti Robert Venette wa Idara ya Misitu ya Marekani, aliye Minnesota, na mwenzake walipima mabuu na mwaka 2010 wakatoa makadirio ambayo yamenukuliwa tangu hapo. Buu akifikia nyuzi 18 chini ya sifuri, wanakufa asilimia 5 tu. Kwenye 23 chini ya sifuri wanakufa asilimia 34. Kwenye 29 wanakufa asilimia 79. Kwenye 34 wanakufa asilimia 98. Ukiangalia namba hizo utaona kwamba kati ya nyuzi 23 na 29 mambo hubadilika kwa kasi: tofauti ya nyuzi sita inapandisha vifo kutoka theluthi moja hadi karibu wanne kati ya kila watano. Kwa hiyo kukosea kipimo kwa nyuzi tatu au nne si jambo dogo. Na kukosea ndiko kunakotokea kila mwaka.

Baridi ya nani?

Namba za Venette ni za joto la buu mwenyewe. Namba za televisheni ni za hewa. Kati ya viwili hivyo kuna gome.

Shina la mti mkubwa hupoa polepole. Hewa ikishuka ghafla alfajiri na kupanda tena saa nne asubuhi, ubao unaweza usifike kabisa kwenye kile kiwango cha chini kilichotangazwa. Jua la mchana, hata likiwa hafifu, hupasha gome la upande wa kusini. Theluji iliyorundikana chini ya shina huwafunika mabuu walio humo kama wako ndani ya nyumba. Mjini kuna lami, kuta na mabomba yanayovujisha joto, na miti ya eshi mingi ya mjini ipo kando ya barabara. Kwa ujumla chini ya gome huwa na joto zaidi ya hewa kwa nyuzi kadhaa usiku wa baridi kali. Chukua nyuzi hizo, urudi kwenye namba za Venette, uone asilimia 79 inavyoweza kushuka na kukaribia nusu.

Kisha kuna upepo, ambao ndio unaopotosha watu kuliko kitu kingine chochote. Watangazaji wa hali ya hewa Marekani hutaja baridi mbili: ya hewa, na ile inayohisiwa kwenye ngozi kwa sababu ya upepo. Siku ile ya 2019 iliyohisiwa ilikuwa karibu nyuzi 46 chini ya sifuri Chicago, na namba hiyo ndiyo iliyozunguka kwenye simu za watu. Lakini baridi ya upepo ni kipimo cha binadamu. Mwili wetu unatengeneza joto, na upepo unaliiba. Buu hana joto lake la kuibiwa. Upepo unaweza kulifanya shina lipoe upesi, ila hauwezi kulishusha chini ya joto la hewa yenyewe. Kipimajoto ukikiweka penye upepo au pasipo upepo kitasoma kilekile. Hivyo mtu akikwambia wadudu wamepigwa na nyuzi 46 chini ya sifuri, mwulize kwanza kama anasema ya hewa au ya usoni mwake.

Na kuna mkanganyiko mwingine mdogo ambao ndugu wa nyumbani huukuza bila kujua. Marekani hupima kwa Farenhaiti. Anayeandika kwenye kundi la familia kwamba kwake leo ni 20 chini ya sifuri huenda anamaanisha 29 za Selsiasi, na hiyo ndiyo tofauti kati ya mabuu wachache kufa na wengi kufa. Vipimo viwili hivyo hukutana mahali pamoja tu, kwenye 40 chini ya sifuri.

Siku ina uzito kuliko namba

Buu haamki Oktoba akiwa ameshajaa glisirini. Kinga yake hujengeka taratibu siku zinavyofupika na kupoa, hufika kileleni katikati ya majira ya baridi, kisha hupungua kuelekea machipuo. Nyuzi 25 chini ya sifuri zinazokuja ghafla Novemba zinaweza kudhuru zaidi kuliko zilezile Januari, kwa sababu zimemkuta hajajiandaa.

Jambo la kushangaza zaidi ni joto linalokuja katikati ya majira ya baridi. Maabara ya Brent Sinclair katika Chuo Kikuu cha Western, Ontario, iliwaweka mabuu katika hali ya joto la muda, mfano wa zile siku za Januari ambapo theluji huyeyuka na watu hutoka bila makoti. Mabuu walipunguza kinga yao. Waliporudishwa kwenye baridi hawakuweza kuijenga upya yote. Majira ya baridi yenye kupanda na kushuka kwa hiyo yanaweza kuwa mabaya kwao kuliko yale ya baridi ya kudumu, kama baada ya siku za joto inafuata baridi ya kukata. Nasema kama, kwa sababu mara nyingi majira ya baridi yanapopata joto hupata lote, hata ile baridi ya kukata haiji tena. Minnesota ni miongoni mwa majimbo ya Marekani ambayo majira yake ya baridi yamepata joto kwa kasi kubwa.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Mti una mabuu 100. Baridi ya kutisha inaua 80, wamebaki 20. Kiangazi wanatoka, nusu majike, yaani 10. Jike hutaga mayai 40 hadi 70 kwa kawaida, tuseme 50. Hayo ni mayai 500. Tuchukulie kwamba ndege, nyigu, magonjwa na ukinzani wa mti wenyewe vinaondoa wanne kati ya kila watano. Unabaki na mabuu 100. Umerudi ulipoanzia mwaka uliopita. Bila baridi ile wangekuwa 500, kwa hiyo haikuwa kazi bure. Imekupa mwaka mmoja. Ila aliyeambiwa asilimia 80 wamekufa alielewa kwamba tatizo limebaki asilimia 20, na hapo ndipo namba ya kweli ilipozaa imani isiyo ya kweli. Minnesota yenyewe, iliyopigwa na baridi ile ya 2019 kuliko karibu kila mtu, iliendelea kumkuta mdudu huyu katika wilaya mpya miaka iliyofuata.

Winnipeg na Moscow

Kama baridi ingekuwa ukuta, ukuta huo ungekuwa Winnipeg. Ni mji wa Kanada ulio katikati ya uwanda usio na kizuizi, ambapo usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri si habari ya kuandikwa gazetini. Kwa miaka mingi kulikuwa na matumaini kwamba bungua zumaridi akifika huko atakwama. Alikutwa mjini mwaka 2017.

Sinclair na wenzake walichukua mabuu wa Winnipeg wakawapima, na matokeo yaliyotoka mwaka 2022 yaliwashtua wanaofuatilia mambo haya. Ukomo wao ulikuwa chini kwa nyuzi 20 hivi kuliko wa mabuu wa kusini mwa Ontario. Walihimili baridi inayokaribia nyuzi 50 chini ya sifuri. Mwilini walikuwa na glisirini nyingi mno na maji machache.

Msomaji wa haraka atasema ameshajua: wale dhaifu walikufa, wenye nguvu wakazaa, ukoo mpya sugu umepatikana. Sivyo ilivyokuwa. Mabuu wa Winnipeg waliopitishwa katika hali ya joto ya Ontario walirudi kuwa na ukomo wa Ontario. Hawakuwa ukoo mpya. Mdudu yuleyule, akikuta baridi kubwa zaidi inayoingia taratibu, hujiandaa zaidi. Hilo ni baya kuliko usugu wa kurithi, kwa sababu usugu wa kurithi huchukua vizazi, na huyu hahitaji kusubiri kizazi hata kimoja. Linatuonya pia tusizichukue zile asilimia za 2010 kama sheria ya kila mahali. Zilipimwa kwa mabuu wa mazingira fulani.

Warusi wangeweza kutuambia mapema. Bungua zumaridi alikutwa Moscow mwaka 2003, maelfu ya kilomita kutoka kwao, na miti ya eshi ya mji ule ikafa kwa wingi licha ya majira ya baridi ambayo yaliwahi kuwashinda majenerali. Mwaka 2019 alithibitishwa kuwa ameshaingia Ukraine.

Haina maana kwamba baridi haijawahi kumshinda bungua yeyote. Magharibi mwa Kanada kuna mbawakawa mdogo wa misonobari ya milimani. Huyo ni mwenyeji wa British Columbia, si mgeni, lakini kuanzia miaka ya 1990 alilipuka na kupita katika misitu ya hekta zipatazo milioni 18, kisha akavuka milima ya Rocky na kuingia Alberta, ambako hakuwa amezoeleka. Sababu moja kubwa ya mlipuko ilikuwa kukosekana kwa zile siku kadhaa mfululizo za karibu nyuzi 40 chini ya sifuri ambazo zamani zilimpunguza. Februari 2019 baridi hiyo ilirudi Alberta na kukaa karibu mwezi mzima, na idadi yake ikaanguka vibaya. Tofauti na Chicago ni muda. Usiku mbili hupoza hewa. Majuma matatu hupoza mti mpaka ndani.

Mwingine ni mbawakawa mwenye pembe ndefu kutoka Asia, aliyekutwa New York mwaka 1996 na Chicago mwaka 1998. Buu wake huchimba hadi ndani kabisa ya ubao. Chicago ilitangaza kumtokomeza mwaka 2008. Majira kumi ya baridi yalipita katikati, lakini kilichomtokomeza ni misumeno, dawa na wakaguzi waliopanda mti baada ya mti.

Baridi kama breki

Kazi ambayo baridi huifanya vizuri na kwa ukimya ni kuchelewesha. Mdudu hukua kwa joto. Siku zisizo na joto la kutosha hazihesabiki katika maisha yake. Wakulima wa kahawa wa Afrika Mashariki wanaishi na kanuni hiyo bila hata tone la theluji: yule mdudu mdogo anayetoboa buni hawezi kukua joto likiwa chini ya nyuzi 15 hivi, na ndiyo maana mashamba ya juu kabisa mlimani yamekuwa yakiumia kidogo kuliko ya chini. Bungua zumaridi sehemu zenye joto za Marekani humaliza kizazi kwa mwaka mmoja. Kaskazini, ambako kiangazi ni kifupi, wengi wao huhitaji miaka miwili. Hilo peke yake linapunguza kasi ya kuongezeka kuliko usiku wowote wa kutisha.

Muda huo una thamani. Minnesota inakadiriwa kuwa na miti ya eshi bilioni moja, mingi ikiwa eshi nyeusi inayoota kwenye majimaji. Ikifa, maji yanapanda kwa sababu hakuna tena kinachoyanywa, na msitu unageuka kinamasi cha majani. Watu wa asili wa eneo hilo, Waanishinaabe miongoni mwao, hufuma vikapu kwa mti huo: gogo hupigwa kwa rungu urefu wake wote mpaka pete za kila mwaka zinaachana zenyewe na kutoka kama mikanda. Kila mwaka unaopatikana ni mwaka wa kukusanya mbegu, na wa kujaribu kupanda aina nyingine za miti kabla eshi haijaanguka.

Breki hiyo inawabana marafiki pia. Tangu 2007 Marekani imekuwa ikifungulia nyigu wadogo kutoka Asia ambao hutaga ndani ya mayai au mabuu ya bungua zumaridi. Mmoja wao, Spathius agrili, alitolewa Tianjin huko China, na katika majimbo ya kaskazini hakushika mizizi. Ilibidi waende mashariki ya mbali ya Urusi kumtafuta ndugu yake, Spathius galinae, aliyezoea majira kama ya Michigan, na huyo ameendelea vizuri. Anayeomba baridi iongezeke ili mdudu afe akumbuke kwamba nyigu naye yumo kwenye mti uleule.

Asiyejali baridi wala nyigu ni kigogota. Majira ya baridi ndipo anapofanya kazi, kwa kuwa chakula kingine kimeadimika. Hubandua magamba ya nje ya gome akitafuta mabuu, na kuacha mabaka ya rangi hafifu juu ya shina ambayo mwezi wa Februari, majani yakiwa hayapo, yanaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Ukiona mabaka hayo juu ya mti wako wa eshi, usisubiri dalili nyingine. Tundu la kutokea mbawakawa, dogo la milimita tatu au nne lenye upande mmoja ulionyooka kama herufi D, kwa kawaida huonekana baadaye na huanzia juu ambako macho hayafiki.

Kwa yule mwenye ilani ya manispaa, mpango ni huu. Mti ambao bado una zaidi ya theluthi mbili za majani yake kiangazi kilichopita unaweza kuokolewa kwa sindano ya emamektini, dawa ya kuua wadudu, inayodungwa kwenye shina majira ya machipuo au mwanzo wa kiangazi, na dozi moja hudumu miaka miwili hadi mitatu. Hapo huwa si wakati wa kubahatisha kwa kuangalia taarifa ya baridi ya Januari. Mti uliokwisha vibaya ukatwe wakati wa theluji, mabuu wakiwa wamelala na hakuna mbawakawa anayeruka. Mkataji akiufanyia kazi Juni anaweza kuwasafirisha kwenye lori lake. Magogo yasagwe au yachomwe papo hapo kabla ya Mei. Yasipelekwe kwenye kambi ya uvuvi wala kwa rafiki wa mji mwingine, hata kama yamelala nje siku zote zile za nyuzi 30 chini ya sifuri, kwa sababu yalilala chini ya theluji, na mabuu waliomo wanaweza kutoka kiangazi kinachofuata.